Gari la kulala la kwanza kwa barabara zetu za Nyanda za Juu Kusini: HiAce, Coaster au Rosa ndefu?

#1 Mzee wa Forest Mpya
Wakuu salaam. Nipo Mbeya, nastaafu mwakani. Mimi na mama watoto tumekubaliana kiinua mgongo kisiishie chote kwenye matofali. Tunataka gari la kulala, lenye kitanda, jiko na choo, tuzunguke Kitulo, Matema, Ruaha, tukaone wajukuu Iringa, na tukijaliwa tuvuke Kasumulu tuingie Malawi. Kawaida tutakuwa wawili. Shule zikifungwa tutabeba na wajukuu wawili.

Nimeangalia sana video za Wazungu. Kwa hesabu zangu kubwa ndilo suluhisho. Ukinunua dogo unabanwa, unaliuza kwa hasara, unanunua tena. Kwa hiyo nimelenga Rosa ile ndefu kabisa, nivue viti, fundi anipangie ndani. Kijana wangu anasema HiAce inatosha. Shemeji anasema Coaster. Waliowahi kulala kwenye haya magari semeni, kubahatisha sitaki.

#2 Kijana wa Uyole
Nimekaa hapa pembeni na chai yangu nasubiri wajuzi. Harufu ya kiinua mgongo imefika mpaka Uyole.

#3 DadaMafinga
Shikamoo mzee. Kabla ya mita za gari naomba ujibu moja: usiku mwingi mtalala wapi? Kama ni kwenye kambi zenye bafu na choo, kama pale Kisolanza au Matema, choo cha ndani ni mzigo wa bure. Kama ni porini au kituo cha mafuta Makambako, hapo hesabu inabadilika. Watu wengi wanachagua gari kwa ajili ya wiki mbili za wajukuu, halafu miezi inayobaki wanaburuza kitanda kisicholaliwa.

#4 Dereva wa Tanzamu
Mzee, nimeendesha mabasi na malori barabara hii ya Dar hadi Tunduma, kwa hiyo naongea la barabara tu, mapambo ya ndani siyajui.

Rosa ndefu ni karibu mita 7.7. Kwenye barabara kuu hakuna tatizo. Mlima Kitonga semi-trela zinapanda kila siku, wewe ni nani usipande. Tatizo ni ukitoka kwenye lami kuu. Hilo gari mkia wake nyuma ya tairi ni mrefu. Ukikata kona kali pua inapita, mkia unafagia upande wa pili. Ukiingia mtaro wenye kina, mkia unakwangua chini. Sasa wewe umetaja Kitulo. Ukipitia Chimala kwenda Matamba utakutana na Hamsini na Saba, kona 57 za kupanda ukuta wa mlima, vumbi kiangazi na utelezi masika. Kona nyingine hata Canter inarudi nyuma kwanza ndipo ikate. Ukikutana na lori la viazi linashuka, mmoja wenu lazima arudi kinyumenyume, na niamini haitakuwa lori la viazi.

Kwa Kitulo, gari lisizidi mita 6 na kidogo. Kama huendi Kitulo, nunua hata basi la ghorofa.

#5 Mnyalukolo wa Ipogolo
Kamweneee. #4 umesema kweli ila umemtisha mzee bure. Kitulo si lazima upande Hamsini na Saba. Kuna njia ya Isyonje kupitia Kikondo, unaingilia barabara ya Tukuyu. Na kuna lami ya Njombe hadi Makete, ukifika Makete unaingilia upande wa pili. Coaster za abiria zinafika Makete kila siku na hakuna anayelia.

#6 Dereva wa Tanzamu
@Mnyalukolo Coaster ndiyo, wala sijaikataa. Coaster fupi ni mita 6 na robo. Nilikuwa nasema Rosa ile ndefu. Na hiyo Isyonje uipite masika ndiyo uje utuambie.

#7 BintiMakete
Hapo kwenye masika ndipo penye utamu. Maua ya Kitulo, yale yanayofanya watu waite Bustani ya Mungu, yanachanua kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 4. Ndiyo mvua yenyewe hiyo! Ukienda mwezi wa 7 barabara ni kavu, ila utakuta nyasi na baridi ya kuvunja meno, asubuhi nyingine sakitu nyeupe imetanda juu ya nyasi. Okidi zaidi ya aina 40 na wewe umekuja kuona nyasi. Kwa hiyo mzee achague gari linalopita kwenye tope, urefu ni hesabu ya pili. Mimi ningesema pikapu au Land Cruiser yenye hema la juu ya paa. Kwetu Makete ndilo gari linalofika popote.

#8 Kijana wa Uyole
Mzee wa kustaafu apande ngazi saa nane usiku kwenda kulala juu ya paa, na saa tisa ashuke kukojoa kwenye sakitu. @BintiMakete una kinyongo na wazee?

#9 BintiMakete
Wazungu wa miaka 70 nawaona Ruaha wanapanda hizo ngazi. Mwaisa ndiye atashindwa?

#10 Fundi Bodi Mwanjelwa
Ndaga wakuu. Nachonga bodi na kufunga ndani ya magari, na haya ya kulala nimeshayashika, mengi ya watu wa utalii. Mnabishana urefu wakati kitu cha kwanza ni UZITO. Ngoja niweke hesabu.

Maji lita 100 ni kilo 100, hayapungui hata ukiyaombea. Watu wawili wakibana matumizi wanatumia lita 20 hadi 30 kwa siku, kupika, kuosha vyombo na kujimwagia kidogo. Kwa hiyo lita 100 ni siku tatu hadi tano. Betri mbili za asidi za 100Ah ni karibu kilo 60. Za lithiamu zenye nguvu hiyo hiyo hazifiki nusu ya hapo, lakini bei utaisikia wewe mwenyewe. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiweka na chuma chake unakaribia 30. Bado friji, jiko, magodoro, sufuria za mama, mahindi ya kupelekea wajukuu.

Halafu mbao. Hapa ndipo watu wanaharibu. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18 inavuka kilo 30. Mteja mmoja alileta gari alilofungiwa kabati za mninga mtupu, fundi wake alidhani anatengeneza kitanda cha harusi. Gari likikata kona unasikia linaegemea. Tumia plaiwudi ya milimita 9 na fremu ya paini, paini ya Mafinga ipo tele na ni nyepesi.

Sasa nani anabeba? HiAce ndefu ya paa refu ukijaza hivyo vitu na watu wanne umeshakaribia mwisho wake, tena bila mzaha. Coaster ya viti 29 Wajapani wanaihesabia kilo 55 kwa kichwa, yaani karibu kilo 1,600 za watu. Ukivua viti vyote na kuweka vitu nilivyotaja unabaki na akiba kubwa. Rosa vivyo hivyo. Kwa hiyo kwa watu wanne WENYE choo na maji, mimi nipo na shemeji: Coaster. Kwa watu wawili, HiAce, usipoteze hela.

Na tangi la maji liwe katikati ya ekseli mbili. Ukiliweka kule kwenye mkia aliosema #4, gari linanyanyua pua na usukani unakuwa mwepesi. Kushuka mlima na usukani mwepesi sitaki kukusimulia.

#11 Mzee wa Forest Mpya
Asante fundi, hapa nimepata kitu. Ila kuna jambo linanichanganya. Kwenye video wanasema gari lisizidi kilo 3,500, ukizidi ni balaa. Coaster si inazidi? Pia wanasema kuna daraja A, B na C. Nilidhani A ndogo, C kubwa, au kinyume chake?

#12 Chai ya Bibi
Mzee hizo A, B, C ni za Wamarekani na hazifuati ukubwa. A ni yale makubwa kama basi, mengine yanapita mita 12. B ndiyo ndogo kuliko zote, ni kibasi kama HiAce kilichopangwa ndani. C ipo katikati: kichwa cha lori dogo, nyuma limejengwa boksi, na juu ya dereva kuna kitanda. Kuna za Japani za aina hiyo zimejengwa juu ya Dyna, urefu kama mita 5 na upana mita 2. Hizo ndizo mzee angetazama, wajukuu wanalala pale juu ya dereva na wanapapenda kuliko kitanda cha nyumbani.

Kuhusu kilo 3,500, hiyo ni leseni ya Ulaya. Uingereza aliyefaulu mtihani wa gari dogo kuanzia 1 Januari 1997 haruhusiwi kuendesha zaidi ya hapo bila mtihani mwingine, ndiyo maana wanalia nayo kila video. Haituhusu.

#13 Dereva wa Tanzamu
@Chai ya Bibi inatuhusu, ila kwa sababu nyingine kabisa. Kwetu gari la kuanzia tani 3.5 linaingia mizani. Mikumi, Wenda, Makambako, Uyole, Mpemba, unapanga foleni na malori. HiAce inapita zake. Coaster inaingia hata kama umebeba mama na sufuria tu. Na mwendo kasi wa gari linalozidi tani 3.5 nje ya miji mwisho ni 80. Mzee ukitegemea kukimbia na Coaster ya kulala kama Prado, matrafiki wa Igawa watakufahamu kwa jina.

#14 Wakili wa Mtaa
Na leseni je? Leseni yako mzee ni daraja gani? D ni magari binafsi, haiingii kwenye magari ya abiria wala ya biashara. Coaster ukiivua viti, kadi yake bado imeandikwa basi. Trafiki anaangalia kadi, hataingia ndani kuhesabu vitanda.

#15 Mnyalukolo wa Ipogolo
@Wakili sikubaliani. Gari la abiria ni linalobeba abiria kwa nauli. Mke wake ni abiria wa nauli? Shule nyingi za misheni zina Coaster, padri anaendesha mwenyewe.

#16 Wakili wa Mtaa
Padri muulize leseni yake kwanza. Ninachosema ni kwamba abadilishe aina ya bodi kwenye kadi TRA kabla hajaingia barabarani, na bima aikate kwa matumizi mapya. Likitokea la kutokea, kampuni ya bima itatafuta neno "basi" kwenye karatasi kabla ya kutafuta kitu kingine chochote.

#17 Kijana wa Uyole
Mama watoto anaomba tiketi yake ya siti ya dirishani.

#18 DadaMafinga
Turudi kwenye vitanda, maana ndiyo sababu ya kununua gari lenyewe. Mzee chukua futi ukapime. HiAce ya kawaida ina upana wa mita 1.7 kwa nje, ndani inabaki mita moja na nusu na kidogo. Mtu mzima hawezi kulala kwa upana, lazima alale kwa urefu wa gari, na kitanda kinakula nusu ya gari. Ile ndefu, mita 5.38 kwa 1.88, ina nafuu. Lakini hata yenye paa refu ndani haifiki mita 1.7, mwanaume mrefu anainama muda wote. Siku ya kwanza ni utani. Siku ya tano mvua inanyesha Tukuyu tangu asubuhi, umeinama unakoroga uji, mgongo unakuita mzee kweli kweli.

Coaster ya paa refu unasimama wima kama hujapita mita 1.85 hivi. Mimi ningepima kwa kusimama, urefu wa gari ungefuata.

#19 Mhandisi Mstaafu Njombe
Ninyi wote mmesahau baridi. Naishi Njombe, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Kitulo ni 2,600. Gari kubwa ni hewa nyingi ya kupasha joto na bati refu la kuvuja joto. Watu wanne wakipumua usiku kucha ndani ya bodi ya bati isiyo na sponji, asubuhi paa linatoa jasho na godoro limelowa. Kwa nyanda zetu gari dogo lililozibwa vizuri ni bora kuliko kubwa lililo uchi. Fundi aweke foronya ya povu nyuma ya plaiwudi, kila mahali, hata kwenye milango.

Na kwa herufi kubwa: USIINGIZE JIKO LA MKAA NDANI. Kila msimu wa baridi huku tunasikia watu wamelala na jiko la mkaa na hawakuamka. Moshi hauonekani, hewa yake ya sumu haina harufu. Gari ni dogo kuliko chumba, inajaa haraka zaidi. Kuna hita za dizeli zinazotoa moshi nje kwa bomba, hizo ndizo za gari. Hata jiko la gesi, fungua dirisha unapopika, na ukimaliza zima.

Tena ukifika huko juu maharage yatakushinda. Maji Kitulo yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi. Beba presha kuka, vinginevyo mtungi wako wa gesi unaishia kwenye sufuria moja ya maharage.

#20 Fundi Bodi Mwanjelwa
Mhandisi naomba nikurekebishe kwa heshima, foronya ni ya mto. Povu tunaita foam tu au sponji ngumu. Mengine yote sawa, hasa la mkaa.

#21 Mhandisi Mstaafu Njombe
Umeelewa ulichopaswa kuelewa.

#22 Ndaga Fijo
Mnavyoongelea baridi utadhani mzee haendi Matema. Ziwa Nyasa lipo kama mita 500 tu juu ya bahari. Unatoka Tukuyu umevaa koti, unashuka Kyela unavua shati. Pale Matema ndani ya gari lililozibwa kama jokofu, bila madirisha ya kutosha na vyandarua, mbu watakubeba na godoro lako. Kwa mimi dirisha mbili zinazotazamana na feni ya paani zinazidi mjadala wote wa mita. Na kupata nafasi pale ufukweni chini ya miembe, gari refu unaligeuzia wapi? Mchanga ukishika tairi za nyuma mbili mbili ni kuita kijiji kizima.

#23 KK wa Tunduma
Kuna jambo la injini. Juu kila mita 100 injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu. Kitulo umeshapoteza robo. Coaster nyingi za zamani zina injini ya 1HZ, 4,200 cc, haina turbo. Injini ngumu, haifi, lakini Kitonga na mzigo utapanda na gia ya pili huku malori matupu yanakupigia honi. HiAce za injini ya 3L na 5L hali ni hiyo hiyo. Tafuta yenye turbo. Ukubwa wa gari bila kuangalia injini ni kazi bure.

#24 Dereva wa Tanzamu
KK kupanda si shida, utafika tu. Shida ni KUSHUKA. Inyala, Mlima Nyoka, Iwambi kushuka Mbalizi, tumezika watu wengi pale. Gari la tani tano breki zikipata moto zinakuwa laini, unakanyaga hakuna kitu. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, injini ikushike, breki uziguse na kuziachia. HiAce inakusamehe ukichelewa kubadili gia. Rosa iliyojazwa haikusamehei. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kumkataza mzee, mengine ni nyongeza.

#25 1HZ Forever
#23 acha kuisema vibaya 1HZ. Hizo za turbo za N04C zina mfumo wa umeme wa mafuta, ukijaza dizeli chafu Chunya nozeli zinakufa na fundi wa kompyuta yupo Dar. 1HZ anaitengeneza hata kijana wa Igurusi chini ya mti.

#26 KK wa Tunduma
Nilijua utakuja tu. Jina lako lenyewe ni ushahidi.

#27 Mama Wawili Iringa
Samahani wanaume, nimesoma kurasa zote na choo mmekitaja kwa kupita tu. Mama watoto wa mzee hataenda Ruaha kuchimba dawa kwenye kichaka usiku, kule kuna simba. Kile choo cha kaseti, chenye tangi la kuchomoa na kumwaga, kinahitaji nafasi ya kukaa na ukuta wa kujifichia, karibu upana wa mita moja. Kwenye HiAce kinakaa chini ya kitanda, unakivuta wakati mwenzio anajifanya amelala. Kwenye Coaster unakijengea chumba chake. Kwangu hapo ndipo ukubwa unapoamuliwa.

Na kukimwaga? Huku hatuna vituo vya kumwagia kama huko kwenye video. Utamwaga kwenye choo cha shimo cha kambi, na dawa ya kuoza uweke ya aina inayokubalika shimoni, si kila dawa ni rafiki wa choo cha shimo. Nani atamwaga, muelewane kabla ya kununua gari.

#28 Kijana wa Uyole
Nasikia hapo ndipo ndoa za miaka 35 zinapojaribiwa.

#29 Mzee wa Forest Mpya
Mama watoto amesoma #27 amesema "huyo mwanamke ana akili". Kwa hiyo HiAce imeshapata pigo nyumbani kwangu.

Nimepima na geti langu leo. Upana unaruhusu Coaster. Rosa ndefu inaingia lakini haigeuki, nitalazimika kurudi nyuma hadi barabarani. Bado moyo wangu upo kwenye Rosa, sikatai. Nafasi ni nafasi. Wajukuu wanakua.

#30 Chai ya Bibi
Wajukuu wakikua mzee hawatataka kulala na babu, watataka simu na hema lao nje. Nunua gari la watu wawili na hema la watoto. Hema linakunjwa, Rosa haikunjiki.

#31 DadaMafinga
Nakuunga mkono #30. Na kuna kitu kimenisumbua kwenye hizo video. Gari za Ulaya nyingi injini ipo mbele kabisa, viti vya dereva vinazungushwa vinatazama nyuma, vinakuwa sebule. Gari la mita 6 la kule linatumia hata sehemu ya dereva. HiAce na Coaster injini ipo chini ya miguu au chini ya kiti, huwezi kuzungusha kitu. Kwa hiyo mita 6 za video si mita 6 za Coaster. Toa mita moja na nusu ya mbele, ndiyo nyumba yako.

#32 Mnyalukolo wa Ipogolo
Basi agize hizo za Ulaya.

#33 1HZ Forever
Agize, halafu likifa Ilula aagize na fundi. Usukani wake wenyewe uko kushoto, kupita lori Kitonga mpaka mama atoe kichwa dirishani amwambie "twende". Coaster tairi, bushi, klachi, unavipata hadi Makambako saa nne usiku. Hiyo ni sababu tosha.

#34 Mhandisi Mstaafu Njombe
Na sola mmesahau. Paa la Coaster linabeba paneli nyingi. Friji ndogo ya volti 12 inakula 30 hadi 40 Ah kwa siku, ongeza taa na simu. Kiangazi Iringa paneli moja kubwa inatosha. Tukuyu masika au Mufindi kwenye ukungu, utakaa siku tatu betri hazijai. Paa dogo la HiAce ukishaweka feni ya @Ndaga Fijo nafasi inabaki ya paneli moja.

#35 Ruaha Kila Mwaka
Mimi ningemshauri asinunue kwanza. Akodi. Kuna watu Iringa wana Land Cruiser zenye hema na kila kitu, akalale Msembe, ndani ya hifadhi ya Ruaha, na mama usiku kadhaa, kilomita kama 130 kutoka Iringa mjini. Na ajue ada ya gari hifadhini inapangwa kwa uzito wa gari, Coaster italipa zaidi kila akiingia. Baada ya hapo mama mwenyewe atasema anataka mita ngapi.

#36 Fundi Bodi Mwanjelwa
Kukodi ni sawa, ila Land Cruiser ya hema haitakuambia lolote kuhusu Coaster. Njoo karakana mzee, nina kibasi cha mteja ndani. Chora sakafuni kwa chaki: kitanda mita 1.9 kwa 1.3, jiko sentimita 60, choo, njia ya kupita sentimita 50. Lala hapo sakafuni na mama, mpishane, mmoja ajifanye anapika. Bure.

#37 Mzee wa Forest Mpya
Fundi nakuja Jumamosi na mama. Chaki nanunua mimi.

#38 KK wa Tunduma
Mzee ukiagiza ya nje, pitisha kwanza kwenye kikokotoo cha TRA. Gari kuukuu lina ushuru wake wa uchakavu, usije ukaona bei ya Japani ukafurahi. Jamaa yangu mmoja wakala alimtajia bei ya bandarini tu, akaja kuuza ng'ombe kukomboa gari.

#39 Kibopa wa Igawa
Msiagize mbali. Ninayo Coaster ya shule, fupi, paa refu, viti vyote vipo. Tairi ni 7.00 R16 bado zina meno. Mwenye shida aje inbox.

#40 1HZ Forever
Injini gani?

#41 Kibopa wa Igawa
1HZ.

#42 1HZ Forever
Nimemaliza kazi yangu hapa.

#43 Dereva wa Tanzamu
Meno ya tairi yasikuzuge mzee. Pembeni ya tairi kuna namba nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi la gari la shule linaweza kuwa na meno na umri wa kuoa. Na viti vya watoto maana yake viti vya matapishi, sakafu chini imeoza hujaiona.

#44 Kibopa wa Igawa
Sakafu nzima kabisa mkuu, niliifunika zulia jipya.

#45 Fundi Bodi Mwanjelwa
Zulia jipya la nini kwenye gari la kuuza? Litoe, piga picha bati, halafu lala chini upige picha chasisi pia, kuanzia ekseli ya nyuma kwenda kwenye mkia. Rangi ya juu usihangaike nayo.

#46 Kibopa wa Igawa
Nipo shamba, picha kesho.

#47 Wakili wa Mtaa
Na ya kadi.